Karatasi Kuukuu na Mikono ya Watoto
Somo la kuchora na kutengeneza vitu vya karatasi kwa jamaa za Garsen na Mto Tana

Wazazi wengi, wakimwona mtoto ameinama chini akichora mchangani kwa kijiti, humwambia aache upuuzi akachukue kitabu chake asome. Nia yao si mbaya, maana elimu ina gharama na kila mzazi hutamani mwanawe afike mbele. Lakini yafaa watambue ya kuwa mtoto yule wa mchangani yumo kazini. Mkono wake wajifunza kulitii jicho, na jicho lake lajifunza kupima urefu, upana na umbali. Mkono usiolitii jicho hauandiki herufi nzuri, wala haushoni nguo sawasawa, wala haukati ubao wa dirisha ukaingia mahali pake.

Serikali ya Kenya nayo imelikubali jambo hili. Mtaala wa umilisi ulijaribiwa mwaka 2017, ukaenezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, na ndani yake sanaa zimewekwa kuwa masomo kamili, si mchezo wa kupitishia saa za mwisho za Ijumaa. Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Watoto walirudi nyumbani na maagizo: leo karatasi ya manila, kesho rangi, keshokutwa gundi, na baba ambaye migomba yake imechukuliwa na maji, au ambaye ng'ombe wake wamekonda kwa kiangazi, aliuliza fedha hizo zitoke wapi. Swali lake ni la haki. Somo hili laonyesha ya kuwa sehemu kubwa ya vitu hivyo imo tayari nyumbani, nayo kila siku hutupwa au huchomwa.

Tukitazama asili ya karatasi, hatutaona ajabu. Wachina husimulia ya kuwa mwaka 105 afisa mmoja wa nyumba ya mfalme, jina lake Cai Lun, alimwonyesha bwana wake karatasi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Basi tangu mwanzo karatasi ni mtoto wa takataka. Ufundi huo ulifika kwa Waarabu katika karne ya nane, na kwa njia yao ukaenea hata Ulaya. Nchini Kenya kiwanda kikubwa cha karatasi cha Webuye kilianza kazi mwaka 1974, kikafungwa mwaka 2009, na baadaye kikanunuliwa na wenye mali wengine.

Hata katika nchi zetu wako waliopata jina kwa kutumia masalio. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora mjini Dar es Salaam karibu na mwaka 1968 juu ya vipande vya mbao laini za ujenzi, kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu hakuwa na vitu vingine. Alifariki mwaka 1972, lakini michoro ya namna yake, iitwayo kwa jina lake, yauzwa mpaka leo. Kadhalika mjini Kampala, akina mama waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda na kukaa karibu na machimbo ya mawe walijifunza kukunja karatasi za magazeti na matangazo kuwa shanga, wakaziuza mpaka ng'ambo. Habari za shanga hizo zitarudiwa mbele.

Sasa tuje Garsen. Karatasi hupatikana wapi? Ya kwanza ni mfuko wa unga wa kilo mbili, ambao karibu kila nyumba huutupa kila wiki. Ukikatwa upande mmoja na kufunguliwa, ndani yake huwa safi na mgumu, wapokea makaa na rangi vizuri kuliko daftari. Ya pili ni mfuko wa saruji. Siku hizi mingine imefumwa kwa plastiki, nayo haifai. Lakini ile ya karatasi ina tabaka mbili au zaidi. Tabaka la ndani lililogusa saruji lisipewe mtoto kamwe, maana vumbi la saruji huunguza macho na ngozi. Mtu mzima na alitoe, aukung'ute mfuko mbali na watu, atumie lile la nje. Kisha kuna maboksi ya sabuni na biskuti, magazeti yaliyofungia mandazi, na madaftari ya mwaka jana. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya karatasi nayo imezidi madukani.

Kabla ya kuchana chochote, mambo mawili yaangaliwe. La kwanza: karatasi zenye maneno ya Kurani au ya Biblia zitengwe, zirudishwe kwa mwalimu wa madrasa au wa kanisa, zisikatwe wala kulowekwa. Neno hili lapasa kutangazwa mapema, kwa sababu huko Garsen watoto wa dini zote mbili huketi pamoja. La pili: mzee wa nyumba azikague karatasi zote yeye mwenyewe. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa na hati ya shamba hufanana sana na karatasi kuukuu machoni pa mtoto wa miaka sita mwenye mkasi.

Mahali pa kazi ni chini ya mwembe, na miembe haipungui kando ya mto. Saa nzuri ni baada ya alasiri, jua likilegea. Mikeka hutandikwa, na kila karatasi huwekewa jiwe, kwa kuwa upepo hauombi ruhusa. Makaa ya jikoni ndiyo kalamu. Rangi ya manjano hutoka katika bizari iliyokorogwa kwa maji kidogo. Nyekundu hutoka katika udongo uliosagwa na kuchujwa kwa kitambaa. Rangi ya hudhurungi hutoka katika hina. Na buluu ni ile ile ya kufulia nguo nyeupe. Wa kutafuta brashi asiende dukani. Kijiti cha mswaki kikitafunwa ncha yake mpaka nyuzi zifunguke, huwa brashi iliyo bora, na kikichakaa hutafunwa tena mbele kidogo.

Mchezo wa kwanza ni wa mtoto mdogo na mama yake. Mama huimba wimbo wa kubembeleza, naye mtoto hutembeza kaa juu ya karatasi kwa kuufuata wimbo: sauti ikipanda mkono hupanda, sauti ikishuka hushuka, mama akinyamaza mkono husimama. Watu wa Tana wana haki ya kujivunia nyimbo hizo, maana sauti ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotayarishwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa akina mama wa Kipokomo wa kumlaza mtoto. Wimbo ukiisha, karatasi huwa imejaa mistari iliyovurugika. Hapo mama na mwanawe huigeuza huku na huku, wakitafuta ndani ya mistari ile kitu kilichojificha: labda mdomo wa kiboko, labda mtumbwi, labda mkia wa nyani. Wakikiona hukikoleza kwa rangi. Jambo kubwa ni kwamba mama asimtangulie mtoto kusema ni kitu gani.

Mchezo wa pili ni wa watu watatu, na huchekesha hata wazee wakali. Karatasi ndefu hukunjwa mara tatu. Wa kwanza huchora kichwa, akaikunja karatasi ili kisionekane, akiacha mistari miwili tu ya shingo. Wa pili huchora kiwiliwili, akakificha vile vile. Wa tatu humalizia miguu. Ikifunguliwa, huonekana kiumbe ambacho hakuna mwindaji aliyepata kukiona. Babu akipewa nafasi ya kuchora miguu hukataa kwanza, akisema mikono yake ni ya jembe; lakini mara nyingi yeye ndiye aombaye karatasi nyingine.

Wako wazazi wa Kiislamu wasiopenda watoto wao wachore viumbe vyenye roho. Wasilazimishwe, wala mtoto wao asitengwe pembeni. Mchezo huo huo waweza kuchezwa kwa nakshi: wa kwanza achora pindo la kanga, wa pili ua la hina kama lile lipakwalo mikononi mwa bibi arusi, wa tatu mlango wa Lamu. Kazi hizi zina ugumu wake, na pengine zafundisha vipimo zaidi kuliko mnyama mwenye vichwa viwili.

Hapa kuna neno la kuwaambia walimu. Mwalimu akichora nyumba ubaoni na kuwaamuru watoto arobaini waiige, atapata nyumba arobaini zenye mlango katikati na dirisha kila upande, ingawa nusu ya watoto wale hawakai katika nyumba ya namna hiyo. Elimo Njau, mchoraji mashuhuri aliyesoma Makerere na kuwa mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, alipinga kwa maisha yake yote tabia ya kuiga kazi ya mwingine. Mtoto wa Kiorma na achore nyumba yao ya mviringo iliyoezekwa nyasi. Mtoto wa Kipokomo naye na achore yao. Ndipo mwalimu atakapojua jinsi anavyoona.

Zoezi la tatu ni ramani, nalo lina uzito kuliko mengine yote kwa watu wa delta. Mkulima wa Kipokomo huihesabu nchi kuanzia ukingo wa mto, kwa kuwa mafuriko ndiyo yaletayo rutuba, na mpunga na migomba hustawi pale. Mfugaji wa Kiorma huihesabu kuanzia malishoni kuja mtoni, kwa kuwa kiangazi kikikaza ng'ombe wake hawana maji mengine, na njia zao za kushukia majini huitwa malka. Hesabu hizi mbili hukutana mahali pamoja. Katika mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 zilikutana kwa mapanga, mikuki na bunduki. Watu zaidi ya mia moja waliuawa, na wanawake na watoto wadogo wakiwamo, na nyumba zikateketezwa. Waliokuwa watoto wakati ule ni wazazi leo. Asidhani mtu kwamba kipande cha mfuko wa unga kitaondoa ugomvi wa ardhi. Hiyo ni kazi ya wazee, ya serikali na ya sheria. Lakini mtoto aliyekwisha kuuona mto kwa jicho la mwenziwe mara moja hawezi tena kusema hakujua.

Mifuko kumi na miwili ya unga hubandikwa pamoja kuwa karatasi moja kubwa, ikatandikwa chini. Mto huchorwa kwanza kwa buluu, pamoja na pindi zake zote, na kila mtoto hupewa nafasi ya kuuvuta mbele kidogo ili usiwe mto wa mtu mmoja. Kisha kila mmoja huchora njia anayoipita yeye mwenyewe kila siku: ya shule, ya kisima, ya shamba, ya madrasa, ya malisho. Amri ni mbili tu. Hakuna afutaye mstari wa mwenziwe. Na mahali mistari miwili inapokutana, wenye mistari husimama na kuchora pamoja kitu kilichopo pale. Mtoto wa mkulima akichora shamba lililoziba malka hakaripiwi, ila huulizwa, “Ng'ombe hawa watanywea wapi?” Na mtoto wa mfugaji ambaye njia yake yapita katikati ya migomba huulizwa, “Migomba hii ni ya nani?” Majibu hutoka kwa watoto wenyewe. Wazee huketi nyuma kimya, nao hawapewi kaa mpaka watoto wamalize. Na hili ni gumu kwao kuliko watu wanavyofikiri.

Tukiacha kuchora, tuingie katika kazi ya gundi. Kikombe kimoja cha unga wa ngano hukorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Kisha humiminwa polepole katika vikombe vinne vya maji yanayochemka, huku mwiko ukizunguka bila kusimama, kwa muda wa dakika tano hivi, mpaka weupe ule ufifie na gundi ing'ae kidogo. Kijiko cha chumvi huizuia isichache upesi, lakini ikipita siku tatu na harufu ikibadilika imwagwe. Adui wa kazi hii ni mende, panya na mchwa, ambao kwao gundi ya unga ni karamu. Kwa hiyo wengine hutumia maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini badala ya maji matupu, maana uchungu wake wachukiwa na wadudu.

Kwa gundi hiyo bibi aweza kufundisha jambo ambalo shule hailijui. Vipande vyembamba vya karatasi, vilivyokunjwa mara mbili kwa urefu, husukwa kama ukili wa miyaa, na ukili huo ukazungushwa na kubandikwa kuwa kikapu kidogo cha kalamu. Mtoto hujifunza ususi kwa karatasi kabla ya kukata vidole vyake kwa majani makavu ya mkoma.

Halafu kuna rojo, na hapa mafuriko yaingia katika somo. Mto Tana ulipofurika mwezi Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, watu wengi wa Garsen na delta walihama nyumba zao, barabara ikakatika, na masanduku ya vitabu yakalowa. Daftari lililoloweshwa na mafuriko likianikwa hujikunja na kushikana, lisiweze kusomwa wala kuandikwa, watu hulichoma. Lakini laweza kuzaliwa tena. Kwanza mtu mzima na alichemshe kwa nusu saa kamili, maana maji ya mafuriko yamepita vyooni. Likipoa huchanwa vipande vidogo kama ukucha, yakalala majini usiku kucha, na asubuhi yakatwangwa katika kinu kikuukuu kisichotwangiwa chakula tena. Rojo hilo hukamuliwa, likachanganywa na gundi mpaka liwe kama ugali laini.

Bakuli hufunikwa kifudifudi, hutandikwa jani la mgomba lililopashwa moto ili lilainike, kisha rojo hupakwa juu yake kwa unene wa kidole chembamba. Hukauka kwa siku tatu za jua. Likitolewa mapema hupasuka, na kila mtoto hulitoa mapema mara ya kwanza. Bakuli hilo lifaa kwa shanga, vifungo na sindano. Halifai kwa chakula wala maji.

Walio na subira waweza kutengeneza karatasi yenyewe. Rojo lisilo na gundi hutiwa katika beseni la maji mengi, likakorogwa mpaka lielee kama maziwa yaliyoganda. Chekecheo la unga huzamishwa humo likiwa limelala, likainuliwa polepole mpaka maji yachuruzike. Kile kinachobaki juu ya wavu ni karatasi mbichi. Hupinduliwa juu ya kitambaa, ikafunikwa kitambaa cha pili, ikakandamizwa kwa ubao na jiwe, kisha ikaanikwa kivulini. Yatoka karatasi nene ya mviringo, ya rangi ya kijivu, na hapa na pale ndani yake huonekana nusu ya herufi au tarakimu kutoka katika daftari lile la zamani. Watoto huzitafuta herufi hizo kwa furaha kubwa.

Za mwisho ni zile shanga za Kampala. Karatasi yenye rangi, kama ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, hukatwa pembetatu ndefu zenye kitako cha sentimeta mbili na urefu wa sentimeta ishirini na tano. Kitako huwekwa juu ya spoku ya baiskeli, na pembetatu huviringishwa kwa kukazwa, ikisimamiwa isiegemee upande mmoja, mpaka ncha ifike katikati. Tone la gundi huishika. Ushanga huchomolewa, ukapakwa vanishi mara mbili. Pasipo vanishi, jasho la Garsen litaurudisha kuwa karatasi kwa siku moja. Kazi ya vanishi ni ya mtu mzima, nje kwenye upepo, kwa sababu ya mvuke wake. Pembetatu zenye kitako chembamba hutoa ushanga mfupi, na zenye kitako kipana hutoa ushanga mrefu. Msichana aliyekwisha kutengeneza kumi huanza kukadiria umbo kabla ya kukata, na hiyo ni hesabu ya maumbo ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni hesabu.

Jua likikaribia kuzama, vitu hukusanywa. Kila mtoto hueleza kazi yake kwa maneno machache mbele ya wote, kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na mwenziwe humfasiria. Vipande vilivyobaki hurudi katika ndoo ya rojo, si katika moto. Ile ramani kubwa huachwa wazi mpaka buluu ya mto ikauke. Kisha huviringishwa, ikafungwa kwa ukili, ikapachikwa juu katika boriti za nyumba ya mzee ambaye pande zote mbili zamkubali, ili juma la pili itandikwe tena na wale ambao njia zao hazijachorwa.